Fimbo Moja ya Besi kwa Mvuvi wa Ukingoni Penye Magugu: Jinsi ya Kuichagua

Mvuvi wa mashua akimnasa besi (samaki wa maji baridi mwenye kinywa kikubwa, bass kwa Kiingereza) ndani ya magugu, humfuata. Hupiga kasia hadi juu ya kichaka, akainama, akamtoa samaki kwa mkono pamoja na furushi la majani. Wewe uliyesimama ukingoni huna njia hiyo. Samaki ni lazima aje kwako, na kila kilichoko kati yenu, yawe matete, majani ya yungiyungi au magugu yaliyozama, ama kitakuja naye ama kitakunyang'anya. Mashauri mengi kuhusu fimbo za besi hutolewa na watu wenye mashua. Mvuvi wa nchi kavu akiyafuata neno kwa neno hujikuta ana fimbo nzuri isiyomfaa.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: fimbo ya futi 7 hadi futi 7 na inchi 3 (sentimita 213 hadi 221), yenye ugumu wa MH (ngumu kiasi), inayopindia karibu na ncha, iliyoandikwa kwamba inabeba chambo cha wakia 1/4 hadi 3/4 au wakia 1 (gramu 7 hadi 21 au 28). Yanayofuata ni sababu zake, na wakati wa kuliacha jibu hilo ukachagua jingine.

Hatua ya 1: Tembea na mwanzi kabla ya kutoa pesa

Tafuta mwanzi au ufito wowote wa futi 7. Weka alama ya mkono wako pale ambapo rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, ingekaa, kisha nenda nao sehemu tatu au nne unazovulia mara nyingi. Simama unaposimama siku zote na uupunge kama unayerusha chambo: kutoka juu ya bega, kutoka ubavuni, kutoka chini. Watu watakushangaa, waache.

Angalia kilicho nyuma yako, kilicho juu yako, kimo cha majani ya mbele, na kimo cha ukingo kutoka kwenye maji. Kama matawi yanagonga mwanzi kila ukiupunga, shuka hadi futi 6 na inchi 6 (sentimita 198) hata kama kila mtu anasifu fimbo ndefu. Kama mbele yako kuna ukuta wa matete unaofika kiunoni na nyuma ni wazi, panda hadi futi 7 na inchi 6 (sentimita 229), kwa sababu utahitaji kuuinua mshipi juu ya matete hayo muda wote wa kuvuta. Kwingine kote, futi 7 na ushee ndio urefu unaotosha.

Urefu una faida nyingine isiyoonekana mwanzoni. Ukirusha mbali, mshipi hulala juu ya maji na majani ukiwa umelegea kidogo. Besi akichukua chambo, ni lazima kwanza uukusanye ulegevu huo ndipo nguvu ya mkono ifike kwenye ndoana. Fimbo ndefu hukusanya mshipi mwingi kwa mpigo mmoja. Lakini mpini huongezeka pamoja na urefu, na mpini mrefu mno hunasa kwenye nguo kila unaporusha. Ishike fimbo mahali pa rili na ulaze mpini chini ya mkono wako: mwisho wake ukikoma karibu na kiwiko, uko sawa. Ukikipita kwa kiganja kizima, utaulaumu kila siku.

Mimi niliwahi kununua fimbo ya karibu futi 8, ngumu kama mti wa bendera, kwa kuwa niliisoma kuwa ndiyo fimbo ya magugu. Ilikuwa ya kweli, ila imeundwa kwa mtu anayesimama juu ya mashua na kudondosha chambo kizito hatua chache mbele yake. Pale ninapovulia kuna mti mkubwa nyuma. Msimu mzima nilirusha kwa ubavu kama mtu anayefukuza nzi, na mnyoo wa plastiki usio na chubwi haukufika popote.

Hatua ya 2: Ugumu, au ile herufi iliyoandikwa juu ya mpini

Karibu na mpini wa fimbo utakuta herufi: L ni laini, ML laini ya wastani, M wastani, MH ngumu kiasi, H ngumu, na XH ngumu zaidi. Herufi hizo husema fimbo inahitaji kuvutwa kwa nguvu kiasi gani ndipo ipinde. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote, kwa hiyo MH ya mtengenezaji mmoja yaweza kuwa sawa na H ya mwingine. Zichukulie herufi kama dokezo, kisha uziamini zaidi namba za uzito wa chambo, ambazo tutazifikia.

Kwa nini MH? Penye magugu huwezi kuvua kwa ndoana iliyo wazi. Itachota majani kila mvuto. Utatumia ndoana pana ya waya mnene ambayo ncha yake imefichwa ndani ya mwili wa mnyoo wa plastiki, mbele yake ikiwa na chubwi yenye umbo la risasi ya bunduki. Ndiyo namna ya kufunga inayojulikana kwa jina la Texas. Besi akiuma, ndoana ile ina kazi mbili: itoboe plastiki kwanza, kisha itoboe taya. Fimbo ya M huweza kuifanya kazi hiyo ukiwa karibu, lakini samaki akiwa mita 25 mbali na mshipi umepita juu ya majani, nguvu nyingi humezwa na mpindo wa fimbo. Utahisi uzito, utavuta, kisha mnyoo utarudi peke yake ukiwa na alama za kuumwa.

Sababu ya pili ni uzito wa majani yenyewe. Mmoja wa besi wawili wakubwa kuliko wote waliowahi kusajiliwa, yule wa Georgia nchini Marekani mwaka 1932, alikuwa na ratili 22 na wakia 4, takriban kilo 10. Wewe na mimi tutanasa wa kilo moja, na siku ya bahati wa kilo mbili au tatu. Kwa samaki wa kilo moja katika maji ya wazi, hata fimbo ya ML inatosha. Ila mara tu akiumwa na ndoana huinamisha kichwa na kuzama kwenye kichaka, na hapo unavuta kilo moja ya samaki pamoja na majani mabichi yanayoweza kumzidi uzito. Sekunde mbili za mwanzo ndizo zinazoamua: ama umgeuze kichwa kuja kwako, ama ajifunge. MH ina uti wa kumgeuza.

Mbona basi tusichukue H kabisa? Kwa sababu unatembea. Mvuvi wa ukingoni hubeba fimbo moja, mfuko mmoja, na hutembea kutoka penye matete hadi penye maji ya wazi, hadi penye mawe. Fimbo ya H hukataa kurusha chambo chepesi, na vyambo vyepesi ndivyo vinavyookoa siku ambazo samaki wamelala. Nunua H iwapo tu eneo lako lote limefunikwa na majani kama mkeka na huna mpango wa kuvua kitu kingine zaidi ya chura bandia juu yake.

Hatua ya 3: Inapindia wapi?

Hapa ndipo wengi huchanganya. Ugumu ni jambo moja, mahali pa kupindia ni jambo jingine. Fimbo mbili za MH zaweza kuwa na tabia tofauti kabisa: moja ikapinda theluthi ya juu tu, nyingine ikapinda hadi katikati kama upinde. Ya kwanza huitwa ya haraka na mara nyingi huandikwa F. Inayopindia ncha tupu huandikwa XF. Ya wastani huandikwa MF au M, na hapo ndipo mtu huisoma ile M akadhani ni ugumu.

Chukua F. Huzamisha ndoana upesi, na hukuruhusu kuangusha chambo katika mwanya mdogo kati ya majani mawili ya yungiyungi, kwa kuwa ncha haitikisiki ovyo baada ya kurusha. XF naiogopa kidogo kwa fimbo ya kazi nyingi. Ncha yake imekaza mno kumchezesha chura bandia, ambaye anahitaji ncha inayolegea kidogo ili atembee kushoto na kulia badala ya kuburutwa.

Kuna mahali F itakuangusha: vyambo vyenye ndoana za matawi matatu, kama samaki wa mbao wanaozama wakivutwa. Ndoana zile ni nyembamba na hushika juujuu tu, na fimbo ya haraka huzichomoa. Tiba yake si fimbo nyingine. Legeza kidogo breki ya rili, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo, tumia mshipi wa nailoni unaovutika, na badala ya kupiga mkono kwa kishindo, endelea tu kuzungusha rili huku ukiisogeza fimbo upande.

Hatua ya 4: Soma namba, kisha pima chambo kizima

Wakia 1/4 ni gramu 7, 3/8 ni karibu 11, 1/2 ni 14, 3/4 ni 21, na wakia nzima ni 28. Kosa la kawaida ni kuhesabu chubwi peke yake. Chubwi ya gramu 11 ikibebana na ndoana na mnyoo mnene wa plastiki, mzigo mzima hufika gramu 20 na zaidi. Kwa upande mwingine, mnyoo mnene ulionyooka wa inchi 5 huwa na karibu gramu 10 bila chubwi yoyote. Ni chambo ambacho kwa maoni yangu hakuna mvuvi wa ukingoni anayepaswa kukikosa, kwani huzama polepole pembeni mwa magugu na haukwami kirahisi. Chura bandia wengi wenye tumbo tupu wako kati ya gramu 14 na 21.

Sasa panga vyambo vyako vitatu unavyovipenda na uone kama vyote vimo ndani ya namba za fimbo, bora zaidi karibu na katikati. Fimbo hurusha vizuri katikati ya kiwango chake. Kwenye ncha za kiwango hujikokota.

Rili ya juu au ya chini

Fimbo huundwa kwa aina moja ya rili na haibadiliki. Rili inayokaa juu ya fimbo, yenye bobini (kigurudumu cha mshipi) inayozunguka na kudhibitiwa kwa kidole gumba, huwa na fimbo yenye pete ndogo zinazoangalia juu na kijikulabu cha kushikia kidole chini ya mpini. Rili inayoning'inia chini, yenye bobini isiyozunguka wakati wa kurusha, hutaka pete kubwa zinazoangalia chini.

Penye magugu mazito, ya juu ina nguvu zaidi, hubeba mshipi mnene, na humpa mtu shabaha nzuri kwa kurusha kwa kubembeza kutoka chini, namna ambayo haihitaji nafasi nyuma yako. Gharama yake ni mazoezi. Kidole kikichelewa, mshipi hufumka na kugeuka kiota cha ndege, nawe utakaa kwenye jiwe dakika kumi ukikifumua. Ya chini husamehe, hurusha vyepesi, na haisumbuki sana upepo ukivuma usoni.

Kama hujawahi kushika ya juu, nenda na ya chini bila aibu: fimbo ileile ya futi 7, MH, F, na rili ya ukubwa wa 3000. Kwa anayechagua ya juu, uwiano wa karibu 7 kwa 1 unafaa. Maana yake ni kwamba mzunguko mmoja wa mkono huzungusha bobini mara saba na kuvuta takriban sentimita 70 za mshipi au zaidi kidogo, kasi ya kutosha kumtangulia samaki anayekimbilia matete.

Mshipi, maana fimbo peke yake ni ufito tu

Penye magugu tumia mshipi wa kusokotwa. Hauvutiki, kwa hiyo nguvu yako hufika kwenye ndoana yote, na ukikazwa hukata mashina laini kama msumeno. Rili ya juu: mshipi wa ratili 40 hadi 50, yaani uzito unaoweza kuubeba bila kukatika. Rili ya chini: ratili 20 hadi 30. Usishtuke kuona fimbo imeandikwa ratili 12 hadi 20 au 25. Namba hiyo hufikiriwa kwa nailoni, na mshipi wa kusokotwa wa ratili 50 una unene wa karibu nailoni ya ratili 12. Lakini kumbuka kwamba sasa mshipi una nguvu kuliko fimbo. Ukikwama kwenye gogo ukavuta kwa fimbo iliyopinda, kitakachokatika ni fimbo.

Zungushia kwanza tabaka chache za nailoni chini ya bobini, maana mshipi wa kusokotwa huteleza juu ya chuma na kuzunguka mzigo mzima bila wewe kujua kwa nini ndoana haishiki. Maji yakiwa maangavu na magugu machache, funga mbele kipande cha florokaboni, mshipi usioonekana kirahisi majini, cha ratili 15 hivi. Kwenye mkeka wa majani usihangaike nacho, kwani besi hauoni mshipi kupitia majani, na fundo la kuunganishia hukusanya takataka.

Dukani, ukiwa nayo mkononi

Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Nyuzi za pamba zikishikwa, pana ufa au ncha kali, na ufa huo utaunyoa mshipi wako taratibu. Pete ziwe na utepe wa kauri ndani. Chuma laini tupu huchorwa mfereji na mshipi wa kusokotwa. Zihesabu pia: fimbo ya futi 7 yenye pete chini ya saba, bila ile ya ncha, imebania.

Kisha funga jicho moja, uiangalie fimbo kutoka mpinini kama unayelenga shabaha. Pete zote zikae mstari mmoja. Mpindo mdogo wa upande unavumilika, lakini pete iliyogeuka waziwazi ni sababu ya kuirudisha mahali pake.

Ifunge rili yako, au inayolingana nayo, kisha uilaze fimbo juu ya kidole kimoja mbele kidogo ya rili. Ikilala sawa, mkono hautachoka. Ncha ikianguka mara moja, utaishi ukiishikilia siku nzima, na fimbo inayotazama chini huficha mguso mwepesi wa samaki. Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko jina lililoandikwa juu yake.

Kuhusu kilichotumika kuiunda: kaboni tupu ni nyepesi na hukueleza kila jani linaloguswa, lakini haipendi kugongwa. Nyuzi za kioo ni nzito na vumilivu. Mchanganyiko wa hizo mbili ni mwema kwa mtu anayepita vichakani, anayeiegemeza fimbo kwenye mawe na kuikanyaga siku moja. Namba kama IM6 au IM8 zisikutishe. Zilianza kama majina ya kibiashara ya nyuzi za kaboni, na hazilinganishwi kati ya kiwanda na kiwanda.

Vipande viwili au kimoja? Vyovyote vinavyokuruhusu kufika majini. Kwa cha viwili, kaza kiungio kisha tikisa: isisikike sauti yoyote. Kiungio kikibaki na mwanya mdogo baada ya kukazwa, ni sawa. Umeachwa makusudi kwa ajili ya kulika.

Na usikae humo hadi jioni. Mchagua nazi hupata koroma.

Siku ya kwanza nayo

Kabla ya maji, nenda penye nyasi ndefu. Jaza chupa ya lita moja na nusu, ifunge kwenye mshipi, uiweke mita 15 mbali na uiburute kupitia nyasi huku fimbo ikiwa chini, ubavuni mwako. Usiinyanyue. Utaona fimbo inapindia wapi, na utajua mkono unahisi nini mzigo unapokwama na kuachia. Kaza breki ya rili hadi iachie kwa shida tu ukivuta kwa nguvu.

Majini, samaki akishaumwa, usimpe mshipi hata shubiri. Akijifunga kwenye kichaka, kaza mshipi na utulie kidogo. Mara nyingi hutikisika akajifungua mwenyewe. Asipotoka, inyooshe fimbo moja kwa moja kuelekea kichaka ili isipinde kabisa, viringisha mshipi kwenye kipande cha kijiti, kamwe si kwenye kiganja kitupu, na urudi nyuma kwa hatua polepole. Furushi zima litakuja.

Fimbo nyingi za ukingoni hufia hatua mbili kutoka kwa mwenyewe. Samaki amefika miguuni, mshipi umebaki mfupi, mtu anainua fimbo wima na kuipitisha nyuma ya bega ili amwone. Hapo mzigo wote huhamia ncha, na ncha hukatika kwa mlio mkavu. Fimbo isipite usawa wa bega. Piga goti, mshike besi kwa taya la chini. Ukingo ukiwa mrefu, beba wavu wenye mpini.

Ukijikuta baada ya miezi unatamani fimbo ya pili, tazama kwanza ni chambo gani unaacha nyumbani kwa sababu hakirushiki. Kama ni vitu vidogo vya gramu 4 au 5, tafuta ya ML yenye rili ya chini. Kama ni chura mzito juu ya mkeka wa majani, sasa nunua ile H, na uipime na mwanzi kwanza.